Masikio ya Mzee Malimi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, maikrofoni na swali la ajabu.

"Jana jioni ulikula nini?"

Aliyeuliza alikuwa Mkuu wa Mitambo wa kituo kimoja cha redio hapa Mwanza, mtu mrefu, mkavu, shati limechomekwa mpaka ungedhani limeshonwa pamoja na suruali. Mimi nilikuwa msichana kutoka Nansio. Nilikuwa nimevuka na meli, cheti cha ufundi kwenye bahasha, viatu vya kuazima miguuni. Nilijua nitaulizwa habari za umeme na waya. Nikajikaza, nikasema kwenye maikrofoni kwamba nilikula ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha.

Akairekodi sauti, akairudisha nisikie. Kisha akaanza kusukuma vishikio vya mashine moja nyeusi iliyokuwa mbele yake. Mara sauti yangu ikawa ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Akasukuma vingine, nikawa kama napiga simu kutoka mbali. Akagusa tena, nikawa na mafua. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unacheka nini?"

"Nacheka sauti yangu, Mkuu."

"Hiyo si sauti yako. Hiyo ni sauti yako niliyoiharibu mimi, tena kwa kidole kimoja. Kesho utakaa hapa wewe, na utakuwa na vidole kumi."

Mashine ile ilikuwa ikwalaiza. Vitabu vinaiita kisawazishi cha sauti, lakini katika maisha yangu yote sijamsikia fundi akiiita hivyo akiwa kazini. Vijana siku hizi mnayo kwenye simu zenu, mnaichezea bila kujua ni nini, kwa hiyo nitaeleza. Sauti yoyote ni mchanganyiko wa mitetemo, mingine ya polepole, mingine ya haraka. Kila kishikio cha ikwalaiza kinashika fungu lake. Vya kushoto vinashika besi: ngoma, gitaa zito, mngurumo wa lori. Vya katikati vinashika mwili wa sauti ya mtu. Vya kulia vinashika trebo: kayamba, matoazi, na ncha za maneno, zile herufi zinazokufanya ujue mtu amesema nini hasa. Katikati pana mstari. Kishikio kikikaa kwenye mstari hakiongezi wala hakipunguzi.

Mkuu wa Mitambo alikuwa na amri moja kuhusu ule mstari. "Hilo ni paa la nyumba," alisema. "Fanya kazi chini ya paa. Ukitaka mtu asikike, usimpandishe yeye. Mteremshe anayemfunika." Ukipandisha, alieleza, unapandisha na uchafu wote ulio pale, na mashine inaanza kukoroma. Amri hiyo niliishika kwa miaka yote ya kazi, nikawa mkali nayo kuliko hata yeye. Ukiacha mahali mteja alipolipia kelele, niliivunja mara moja tu.

Na niseme mapema ninakoelekea, maana sipendi hadithi za kuzungushwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Igogo aliyekuwa anapoteza masikio. Alitaka kumsikia mkewe marehemu kwenye kanda, walau mara moja zaidi, kabla masikio hayajafunga kabisa. Niliitwa mimi. Mengine yote nitakayoyasema hapa ni njia ya kufika kwenye ile nyumba.

Redioni nilikaa muda mrefu. Mwanzoni Mkuu alilalamika wazi, nami nikiwa nimesimama palepale, kwamba aliomba fundi akaletewa karani. Nilikunja nyaya, nilifuta vichwa vya mashine za kanda kwa pamba na spiriti, nilikaa na kwaya zilizokuja kurekodi kutoka Magu, Sengerema na Ukerewe kwetu, watu wamevaa sare, wana jasho, wanaogopa maikrofoni kama sindano. Nikajifunza kuwaweka. Sauti ya kwanza huku, ya pili huku, wanaume wa sauti ya nne nyuma kabisa, wasije wakameza watu.

Siku moja msikilizaji alipiga simu kumsifu fundi kwa kipindi cha nyimbo. Nikavimba kichwa. Mkuu akanitazama kwa huruma, jambo ambalo hakuwa nalo kwa wingi.

"Umekosea wapi?" akauliza.

"Sijakosea, Mkuu. Amenisifu."

"Ndiyo nauliza. Alitakiwa amsifu mwimbaji. Akikuona wewe, ujue umejitokeza mahali. Katafute."

Nikatafuta. Kweli nilikuwa nimezidisha trebo kidogo, kila kitu kinameremeta. Nilimchukia siku nzima.

Alipostaafu, aliletwa kijana kutoka Dar na kompyuta yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita mama, akanionyesha jinsi mashine inavyosawazisha yenyewe bila kuguswa. Nikamuuliza mashine hiyo inajuaje nani anatakiwa kusikika. Akasema haijui, inapanga tu. Baada ya hapo kazi ikawa ya kutazama skrini, na mimi macho si mali yangu, mali yangu ni masikio. Nikaaga.

Nikahamia karakana moja ya Igogo iliyotengeneza redio za nyumbani na kufunga spika. Mwenye Karakana alikuwa tofauti na Mkuu kama mchana na usiku: mnene, mcheshi, kofia ya kushona kichwani, anajua majina ya watoto wa wateja wote. Siku ya kwanza alinikuta nateremsha besi kwenye redio ya mteja, akashika kichwa.

"Dada yangu, hapa si redioni. Mteja akitaka besi mpe besi, mpaka sufuria zicheze kabatini."

"Lakini sauti ya mwimbaji haisikiki."

"Mwimbaji hajalipa. Amelipa mwenye sufuria."

Basi nilijifunza kutengeneza bakuli. Ndivyo tulivyoliita pale karakana: vishikio vya kushoto juu, vya kulia juu, vya katikati vimezama, ukiangalia kwa mbele unaona bakuli. Nusu ya nyumba za Mwanza zinasikiliza bakuli mpaka leo. Linachangamsha kwa wimbo mmoja, linachosha kwa saa nzima, na mtu anayeimba amezama humo ndani kama nyama kwenye mchuzi.

Lakini sitamdharau Mwenye Karakana, maana kwake nilijifunza kitu ambacho redioni hatukukijua, nacho ni nyumba. Studio ina mazulia na kuta zilizovalishwa. Nyumba ya mtu ina bati juu bila siling bodi, saruji chini, na ukuta mmoja pengine ni jiwe lenyewe la mlima. Sauti ikitoka inagonga, inarudi, inajikanyaga. Spika ukiibana kwenye kona, besi inavimba hata kama hukuiongeza. Na juu ya spika pana kitambaa. Jamani, vitambaa! Nimegombana na wake za watu mji mzima kwa ajili ya vitambaa vya kufuma. Mama amekaa miezi anafuma ua kwa uzi mzito, amelifunika juu ya spika lining'inie mbele, halafu mumewe ananiita kuniambia redio ina mafua. Nikisema kitolewe, mama ananitazama kama nimemwambia avue nguo.

Kule kwetu Nansio bwana mmoja aliniita nimpangie sauti. Nikaipanga, ikatulia, tukaagana vizuri. Mavuno yalipokwisha akanipigia simu kwa ukali kwamba nimemwibia sauti, redio inapiga kelele kama iko chooni. Nikavuka tena ziwa. Kufika, nikaona sebule tupu. Magunia ya mpunga yaliyokuwa yamepangwa ukutani yameuzwa yote! Yale magunia ndiyo yalikuwa yananyonya mwangwi. Nikampangia upya, nikamwambia mavuno mengine yakiingia anipigie tena. Hakucheka hata kidogo.

Mwenye Karakana alipofariki watoto wake waliifanya karakana kuwa duka la simu, nami nikaendelea peke yangu, nyumba hadi nyumba. Ni katika miaka hiyo ya mwisho ndipo Paulo alipokuja kwangu Mkolani. Alikuwa mtu mzima wa heshima, anafanya kazi Dar es Salaam, yuko likizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Redio imekufa?"

"Redio haijafa, mama. Baba ndiye amekataa kuisikiliza."

Akanieleza. Mama yake, Kabula, aliyekuwa amefariki muda si mrefu, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lao. Kwaya iliwahi kurekodi kanda moja. Tangu mama afariki, baba yake, Mzee Malimi, alikuwa akiisikiliza kanda hiyo kila siku kwenye redio ya zamani, ameinamisha kichwa mpaka sikio linagusa spika. Masikio yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema hayatarudi, na kwamba yataendelea kushuka. Walimpa kile kifaa cha kuvaa sikioni. Kwenye mazungumzo kilimsaidia kidogo, kwenye muziki kikapiga mluzi, akakifungia kabatini.

Paulo akaona amsaidie. Akanunua redio kubwa yenye sabufa na ikwalaiza. Akampa kijana mmoja wa Dar ile kanda aihamishie kwenye flashi na kuisafisha. Akaileta, akaifunga, akamkalisha baba yake kwenye kochi. Mzee akasikiliza wimbo mzima. Kisha akasema neno moja tu: "Mmemtoa." Akainuka, akaenda kukaa nje, akageuzia nyumba mgongo.

"Tangu siku hiyo hasemi na mimi," Paulo aliniambia. "Nilitaka kumrudishia mama. Sasa ananitazama kama mimi ndiye niliyemuua."

Nikaenda Igogo.

Nyumba ilikuwa juu kidogo, katikati ya mawe, ziwa linaonekana chini. Mzee Malimi alikuwa Msukuma mpana wa mabega, mikono mikubwa. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwenye zile mashine ambazo hata ukipiga kelele mwenzako haoni ila mdomo. Nikajua pale pale masikio yalikwenda wapi. Nikamwamkia kwa sauti kubwa, akaitikia, akanipa kiti karibu ili anione midomo.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mwanangu amekuambia nataka redio ipige kwa nguvu?"

"Hajasema hivyo. Amesema humsikii mama tena. Lakini mzee, naomba nikuulize kabla sijagusa kitu. Wale wa sauti ya pili wako wengi, wanaimba kwa pamoja. Wewe unamjuaje Kabula humo ndani?"

Paulo alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akamtazama, kisha akaamua kusema hivyo hivyo.

"Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo wa safari ya mbinguni. Mwisho wake kuna neno, bandarini. Wanaliimba polepole, wote. Kabula hakuliweza. Alisema bandalini. Unajua sisi Wasukuma, hiyo ere yenu inatutoka. Mimi kiwandani walinicheka mpaka nikaipata, na mpaka leo nikichoka inanikimbia. Yeye hakuipata. Mwalimu akamwambia mbele ya watu wote: Kabula, ukifika hapo fumba mdomo, wenzako wataimba."

Akaangaza macho upande wa jikoni.

"Akarudi nyumbani analia. Akawa anafanya mazoezi jikoni anasonga ugali. Bandarini, bandalini, bandalini. Paulo alikuwa mchanga, amembeba mgongoni. Siku ya kurekodi nikamwambia asubuhi: Usifumbe. Sauti umepewa na Mungu, hukupewa na mwalimu. Nikamsindikiza, nikakaa nje ya dirisha, lakini kwa nje sikusikia vizuri."

"Na alipotoka hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akacheka tu. Miaka yote hiyo nikimuuliza anacheka. Baadaye tukanunua kanda, na nikamsikia. Alikuwa humo, na lile neno lake. Sikumwambia kama nimesikia, ikawa mchezo wetu. Sasa hayupo. Masikio yakaanza kwisha, nikawa simpati vizuri. Walipoleta hii mashine, hayupo kabisa. Sasa fundi, mimi nakaa hapa najiuliza. Labda alifumba. Labda sikuwahi kumsikia, nilitaka tu."

Nimefanya kazi kwa watu wengi, na hakuna aliyewahi kunipa kazi nzito hivyo. Nilitamani kurudi Mkolani.

Nilianza na yanayoeleweka. Sabufa ilikuwa kwenye kona, nikaivuta. Ikwalaiza ilikuwa bakuli kama kawaida, nikarudisha kila kishikio kwenye mstari. Spika zilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, na nilipovinyooshea mkono mzee akasema, "Hivyo ni vyake." Nikaurudisha mkono. Akainuka mwenyewe, akavitoa, akavikunja taratibu, akavishika mapajani muda wote niliofanya kazi.

Ile flashi niliisikiliza mara moja nikaitoa. Kijana aliyeisafisha alikuwa ameondoa ule mvumo wa kanda, sssss, unaosikika nyuma ya muziki. Lakini mvumo na ncha za maneno vinakaa jirani. Alipofagia mvumo alifagia na herufi. Kilichobaki kilikuwa laini, safi, na kila mtu anaimba kama ana tonge mdomoni. Nikaomba kanda yenyewe na ile redio ya zamani. Nikasafisha kichwa cha kusomea, kisha kwa bisibisi ndogo nikakigeuza kidogo kidogo, maana kichwa kikikaa upande, trebo ya kanda inapotea yote. Niligeuza huku nasikiliza ule mvumo. Ulipofunguka, nikaacha. Nikaunganisha waya, redio ya zamani ikapitia kwenye ikwalaiza ya mashine mpya.

Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikateremsha besi, nikateremsha fungu lililokuwa linavuma na bati. Nikawateremsha wanaume wa sauti ya nne. Tofauti ya ere na ele ni ndogo sana, wasomaji wangu. Ere ulimi unapigapiga, ele ulimi unapita. Inakaa kulia kidogo kwa katikati, na kufika pale lazima uwaondoe watu wengi njiani. Niliwaondoa mmoja mmoja, yote chini ya mstari. Nikarudisha kanda mwisho wa wimbo.

Nikamsikia.

Waliimba wote bandarini, na katikati yao, chini kidogo, mwanamke mmoja akaimba bandalini. Hakuimba kwa woga. Aliivuta ile ele mpaka mwisho. Nikageuka na furaha yangu yote kumtazama mzee, naye alikuwa amekaza macho kwenye midomo yangu, anasubiri.

"Sisikii," akasema.

Nikarudia. "Sisikii."

Paulo akaninong'oneza, "Mama, si umwambie tu kwamba yupo? Umemsikia." Ni kweli ningeweza kumwambia, na pengine angeniamini. Lakini mzee hakuniita nije nisikie mimi. Angebaki na neno la fundi mahali pa sauti ya mkewe, na masikio yangefunga hivyo hivyo akiwa bado anajiuliza. Tena nikaona kosa langu la kifundi: nilikuwa naipanga ile nyumba kwa masikio yangu. Pale hasa ambapo Kabula alikuwa anaimba, ndipo mashine za pamba zilipomla mumewe masikio.

Nikahamisha kiti cha mzee mbele ya spika. Nikamwambia, "Wewe ndiye utakayepanga. Mimi nitasukuma, wewe inua mkono ukisikia kitu kimesogea." Nikashika kishikio cha kulia cha kwanza, nikakipitisha mstari. Nilihisi aibu mwilini, kama naingia kanisani na viatu vya matope. Nikakipandisha mpaka juu kabisa. Nikapandisha cha pili yake. Vya kushoto nikavizamisha mpaka chini.

Vijana, sauti iliyotoka pale ilikuwa mbaya. Ilikuwa kama kukwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Mvumo wa kanda ukawa mvua juu ya bati. Paulo akaziba masikio.

"Mama, hiyo inaumiza!"

"Najua inaumiza. Kaa kimya!"

Nikarudisha kanda. Mzee akainua mkono kidogo, nikapandisha cha tatu. Akainua tena, nikasogeza nyuma. Kwaya ikafika mwisho wa wimbo. Mzee akafanya ishara kwa kidole: rudisha. Nikarudisha. Akafanya tena: rudisha. Mara hii aliinama, vitambaa vikaanguka sakafuni, naye hakuviona.

"Hakufumba," akasema.

Kisha akageuka, akamtafuta mwanawe kwa macho, akamwita kwa mkono aje akae chini karibu yake. "Umemsikia mama yako? Bandalini. Hakufumba!" Akaanza kulia, na kucheka, na Paulo akalia naye, wamekaa sakafuni kwenye ile kelele mbaya. Nami niliyefundishwa kwamba fundi hatakiwi kuonekana, nilitoka nje nikatazama ziwa.

Kabla sijaondoka nilifanya jambo tunalolifanya kwa mitambo isiyotakiwa kuguswa. Niliweka tone la rangi ya kucha chini ya kila kishikio ili kisihame. Kazi ile Mkuu wa Mitambo angeiona angenifukuza kazi, na angekuwa na haki yake yote. Lakini sijawahi kuacha nyumbani kwa mtu kazi ninayoipenda kama ile.

Sasa nimestaafu, niko Mkolani. Vijana wa mtaani wananiletea vispika vyao vya bluetooth, "Shikamoo bibi, tuongezee besi," nawaongezea, siku hizi sigombani. Masikio yangu nayo yameanza. Ndege wa asubuhi nawaona mdomo unafunguka, sauti siipati vizuri. Sina uchungu. Nilidhani kwa muda mrefu kwamba kuna sauti moja iliyo sahihi, na fundi mzuri ndiye anayeifikia, na wengine wote ni wapenda makelele. Siku hizi bado nikiitwa kwa mtu, kabla sijagusa kitu nauliza kwanza: anayesikiliza hapa ni nani?

Mzee Malimi alisikiliza kanda yake mpaka masikio yalipofunga, na baada ya hapo Paulo aliniambia alikuwa bado anaiwasha, anaweka kiganja juu ya spika. Kisha naye akatutoka. Nilikwenda msibani.

Baadaye Paulo alinipigia simu kutoka Dar. Nyumba ya Igogo walikuwa wameipangisha, na ile mashine alikuwa ameichukua yeye.

"Mama, mke wangu analalamika," akasema. "Kila tukiwasha, masikio yanauma. Anasema nivirudishe vile vishikio."

"Ana haki. Futa rangi kwa asitoni, virudishe vyote kwenye mstari. Mtaisikia vizuri tu, na mama yako mtamsikia. Masikio yenu ni mazima."

"Nimejaribu, mama. Nimeshika asitoni mkononi nikashindwa. Ukivitazama pale vilivyosimama, kila kilichopanda ndipo baba alipokuwa hasikii. Sikuwahi kujua alikuwa hasikii kiasi hicho. Hakusema. Nikivishusha sitajua tena."

Jibu la kifundi ninalo, nalijua mpaka leo: vipige picha, kisha vishushe. Sikulitoa.

"Basi viache, mwanangu," nikamwambia. "Mkeo atazoea."